Gari Lisilojua Kunyamaza

Fahali alikohoa, akanyamaza. Akakohoa tena, akanyamaza tena. Jebet, vidole vyake vikiwa bado kwenye ufunguo, akaanza kumwomba Mungu kwa Kikalenjin, maana Kiarabu chake kilikuwa cha barabarani tu na Kiingereza alikiweka akiba kwa ajili ya wenye nyumba.

"Mwache apumue," akasema bibi kizee kutoka kiti cha nyuma. "Hata marehemu mume wangu asubuhi alikuwa hivyo hivyo."

Jebet akacheka kwa mdomo, tumbo likiwa halimo. Mara ya tatu Fahali akanguruma, na nyumba nzima ikajua kwamba Yumma anatoka.

Fahali halikuwa dume la ng'ombe. Lilikuwa gari la Kimarekani, jeusi, refu, lenye makalio ya kujaza barabara, ila Jebet alilibatiza jina la mnyama na akaliheshimu kama mnyama. Lilinunuliwa enzi zile ambapo Doha nzima iliamini kwamba mwanamume asiye na Mmarekani uani kwake hajakamilika. Marehemu alilipeleka jangwani na marafiki zake kila majira ya baridi, mkewe akabaki nyumbani kuhesabu mito ya sebuleni. Alipokufa, mkewe alikalia kiti kile cha juu, akavuta pumzi, na tangu siku hiyo hakukubali kupanda gari jingine. Watu wote wa nyumba walimwita Yumma, yaani mama yangu: watoto, wajukuu, mpishi, na Jebet pia.

Kazi ya Jebet ilikuwa kumpeleka Yumma kila alasiri kwa dada yake, Bibi Hissa, aliyegoma kuhama mtaa wa Najma wenzake wote walipohamia majumba mapya. Hivyo ndivyo familia ilivyojua. Isichojua ni kwamba kabla ya kufika Najma, Fahali alikunja kona akaingia mtaa wa Al Mansoura, akasimama mbele ya kibanda cha chai, akapiga honi. Ndiyo desturi ya mji ule: mtu hashuki garini kwa ajili ya karak. Unapiga honi, mhudumu anatoka mbio na vikombe dirishani, chai ya maziwa imechemka na iliki mpaka imekuwa rangi ya matofali, na sukari ndani yake hainung'uniki. Mmalabari wa pale, Mhindi wa Kerala, aliujua mlio wa Fahali. Hakuwa na haja hata ya kuuliza vikombe vingapi.

Naye Yumma alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amemkataza chai ile, na mwanawe Nasser akaongeza katazo juu ya katazo, akawaapisha mpishi, wajakazi na madereva. Jebet alikula kiapo hicho akiwa amesimama wima kabisa. Kesho yake alasiri alikuwa Al Mansoura anapiga honi.

Angefanyaje? Yumma ndiye aliyemchagua. Nyumba ilikuwa na dereva mwingine, Maurice, Mganda mpole wa kupeleka watoto shule, lakini Maurice alikuwa akimwambia Nasser kila kitu, hata alichokiota. Yumma akasema anataka mwanamke, na awe mwanamke mwenye mdomo mzito. Kazi ile ndiyo iliyomweka Jebet katika nchi, na ndiyo iliyomweka bintiye Daisy katika chuo cha uuguzi kule Eldoret. Mdomo ukifunguka, au Fahali akifa, vyote vinaondoka kwa ndege moja.

Na Fahali alikuwa anakufa.

Siku ya Ijumaa, baada ya ibada, Jebet alimkuta Onyango katika hoteli ya Wakenya pale Najma, sahani ya chapati na maharagwe mbele yake. Onyango alikuwa mtu wa Ahero, mrefu, mcheshi, kazi yake kuosha na kung'arisha magari katika duka kubwa la magari ya Kimarekani na kuyapeleka kwa wateja. Kwenye fulana yake ya kazi palidariziwa tai mwenye mabawa.

"Mama Daisy, mbona uso umekunjika kama chapati ya jana?"

"Fahali ni mgonjwa. Spea yake wanasema inatoka Amerika kwa meli. Hiyo meli naona inapigwa makasia."

"Si wewe peke yako. Kwetu ni matanga, bado tu maiti." Onyango akasogeza sahani ili naye amege. "Wachina walikuja wakaomba kona, karibu na mashine ya maji ya kunywa. Boss akasema waacheni, hayo ni magari ya kuchezea watoto. Saa hii wao ndio wako mbele kwa vioo, sisi ndio tuko kwa mashine ya maji."

"Na wateja?"

"Mteja wa zamani alikuwa akiingia anauliza rangi gani ziko. Wa siku hizi anaingia kwetu kuuliza choo kiko wapi, kisha anavuka kwa Mchina na bibi yake. Lakini tusimsingizie Mchina bure, dada. Mjapani ndiye alimpiga Mmarekani kofi la kwanza. Mkorea akaongeza la pili. Huyu amekuja tu kuokota meno."

Jebet hakucheka. "Na wewe watakuweka wapi?"

Onyango akamtazama tai wake kifuani kama anayemtazama mzazi mgonjwa. "Wameniambia nisichukue fulana nyingine kwanza," akasema, akarudi kwa maharagwe.

Wiki hiyo hiyo Nasser alimwita Jebet uani, akampiga Fahali konzi kwenye boneti.

"Huyu amekwisha. Nimeagiza la Kichina, la umeme. Wanaleta moja tulijaribu, mama akilizoea tunachukua. Linashika njia lenyewe, linajiegesha lenyewe. Likishakuja, nyumba haihitaji madereva wawili. Maurice atatosha." Akasema kwa upole, kama mtu anayekueleza kuwa mvua itanyesha. "Lakini wewe ni mtu mzuri, Jebet. Nitakuandikia barua nzuri ya sifa."

"Asante, Baba," akajibu Jebet. Ndivyo anavyoitwa mwenye nyumba huko, hata akiwa mdogo kwako. Akaenda chumbani, akakaa kitandani, akaitazama simu yenye picha ya Daisy katika sare nyeupe, akaigeuza ikalala kifudifudi.

Gari lililetwa na Onyango mwenyewe. Lilikuwa la rangi ya lulu, laini kama sabuni iliyotumika, na liliingia uani bila sauti, kama mtu anayedaiwa. Jebet aliitazama fulana ya Onyango. Nyuzi za tai zilikuwa zimefumuliwa, lakini matundu ya sindano yalibaki, na ukimwangalia kwenye jua bado ungemwona ndege.

"Umehamia ng'ambo?" akamuuliza.

"Sijahama. Nimesimama mlangoni, wakinikaribisha naingia." Akamwonyesha kioo kikubwa cha dashibodi kilichowaka kama televisheni, akamwonyesha hiki na kile. "Likiongea usiogope. Ni la kuongea sana. Funga mkanda, tazama mbele, umechoka pumzika. Kama mama mkwe."

Alasiri Yumma akaingia nyuma, akajipapasa kitini. "Hapa ni chini. Nitawaonaje watu?"

"Utawaona, Yumma. Vioo ni vikubwa."

"Vya Fahali vilikuwa juu. Nilikuwa naona mpaka ndani ya ua wa watu."

Jebet alikuwa ameazimia: leo hakuna chai. Gari ni la majaribio, boss yuko macho, tunaenda Najma moja kwa moja kama sala. Alijiambia hivyo barabara yote. Lakini mikono ina akili yake. Ilikuwa imekunja kona ile siku nyingi mno kungoja ruhusa ya kichwa, na Jebet alipozinduka alikuwa Al Mansoura, mbele ya kibanda, ameshapiga honi.

Ililia kama mbuzi aliyefinywa. Mmalabari hata hakugeuka. Yeye alikuwa akimngoja Fahali.

"Piga tena," akasema Yumma kwa furaha. Hakuwa na habari kwamba kuna azimio lolote.

"Yumma, leo twende tu."

"Umeshamwita mtu, binti, halafu umkimbie? Ni adabu hiyo?"

Akapiga tena. Mmalabari akatoka, akaduwaa kwa lile gari la lulu, kisha akamwona Yumma akimpungia mkono, akacheka, akarudi ndani, akaja na vikombe viwili na mkate kwenye sinia. Walikunywa. Yumma alichovya mkate wake, akawatazama wapita njia mmoja mmoja, akampa kila mmoja aibu yake. Huyu kaoa juzi, atajuta. Yule kapaka nywele rangi, ndevu kazisahau. Jebet alimeza yake haraka ikamuunguza koo.

Walipofika Najma, Yumma akiwa ndani kwa Bibi Hissa, simu ikalia. Onyango.

"Vipi Mchina? Amekusumbua?"

"Anaenda vizuri."

"Si nilikuambia. Na sijakuonyesha yote. Boss wako akiwa amekaa tu kwake, anaona kwa simu liko wapi, limesimama wapi, mlango gani umefunguliwa. Mtu akikaribia gari linampiga picha. Mwizi hana maisha."

Jebet aliegemea ukuta wa Bibi Hissa, ukuta ule wa zamani wenye vumbi, vumbi likamshika mgongoni na asilihisi. "Linatuma hata picha za leo?"

"Za leo, za jana, zote. Kwani mlienda wapi?"

"Kwa dada."

"Basi una wasiwasi wa nini?"

Safari ya kurudi Jebet aliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Gari likamwambia, kwa sauti ya kike ya upole, kwamba anaonekana amechoka na apumzike. Alitamani kulizaba kofi. Hakumwambia Yumma kitu. Alifikiri: akiijua habari hii na sukari yake ikapanda, hilo nalo litakuwa juu yangu.

Siku ile Nasser hakusema neno. Kesho yake pia kimya. Jebet alipita mbele yake akiwa na mifuko ya Yumma, naye alikuwa anatazama simu, akainua macho, akasema salama, akayateremsha. Ni afadhali mtu akutukane. Kila simu ilipolia ndani ya nyumba ile, Jebet aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Hata mashine ya kufulia ilipomaliza kazi yake ikapiga kengele, alishtuka.

Siku ya chakula cha familia, walipokwisha kula na kahawa ikiwa inazungushwa, Nasser akaita, "Jebet, njoo hapa kidogo."

Akaja, akasimama zuliani bila viatu. Nasser akainua simu. Palikuwa na ramani, mstari wa buluu unatoka nyumbani, unakunja kona, unasimama. Akatelezesha kidole. Hapo akaonekana Mmalabari, meno nje, sinia mkononi, vikombe viwili.

"Hiki ni nini?"

Jebet akafungua mdomo, lakini Yumma alikuwa ameshawahi.

"Ah, hiyo," akasema bibi kizee, akiitazama picha kwa mbali kama asiyeona vizuri. "Huyu binti anapenda sana chai. Nilimwonea huruma nikamruhusu. Ningemnyima mtu chai?"

Jebet alimtazama Yumma. Yumma alikuwa anaondoa kombo la tende jinoni, mtulivu kama maji ya mtungi. Hapo Jebet alielewa kwamba ametolewa sadaka, na kwamba akikataa kutolewa, bibi huyu hatakunywa tena hata maji bila kupimiwa.

"Ni kweli, Baba," akasema. "Ni mimi. Naipenda sana."

"Vikombe viwili?"

"Vyote viwili, Baba."

Nasser hakuwa mjinga. Lakini mtoto hawezi kumwita mama yake mwongo mbele ya shemeji na wajukuu, na hilo Yumma alilijua kabla Nasser hajazaliwa. Akaizima simu. "Sawa. Basi dereva anayetumia gari la mama kwa starehe zake, simhitaji. Kuanzia kesho Maurice atampeleka kwa dada yake, Khala Hissa. Wewe mambo yako tutayamaliza mwisho wa mwezi."

Jebet akasema asante. Hakujua kwa nini alisema asante. Alikwenda chumbani, akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Alimpigia Daisy, akamuuliza kama kumenyesha, akaambiwa kumenyesha, akakata. Moyoni alikuwa na hasira na yule bibi, hasira nzito, na chini ya hasira alikuwa na hofu nyingine ndogo: kwamba Maurice hatajua kwamba mguu wa kushoto wa Yumma huwa unakufa ganzi akikaa sana.

Kesho yake alasiri Maurice alileta gari la lulu mpaka barazani, akafungua mlango. Yumma akatoka na fimbo yake, akasimama ngazi ya juu, asishuke.

"Yumma, tumechelewa," akasema Nasser aliyekuja kumsindikiza.

"Daktari wako alisema nini juu ya miguu yangu?"

"Alisema utembee kila siku. Mwaka mzima nakuomba utembee."

"Basi nimetii. Leo naanza. Nikifika kwa Hissa nitatembea vichochoro vya Najma, baridi imeshaingia, hewa ni nzuri." Akainyoosha mikono yake, mmoja kwa Maurice, mmoja kwa gari. "Nani atanishika? Maurice? Mwanamume wa watu anishike mkono barabarani, mimi mjane wa baba yako, Najma nzima inatazama?"

Maurice akarudi nyuma hatua, akaificha mikono yake mgongoni.

"Au hili gari?" akaendelea Yumma. "Umesema linajiendesha lenyewe. Lina mkono?"

"Jenny msichana wa jikoni aende nawe," akasema Nasser.

"Jenny ananifika kiunoni. Nikianguka tutazikwa pamoja."

Nasser akatazama chini. Akatazama gari. Mtu aliyetaka kujua uso wa mtu aliyezungukwa na mama yake mwenyewe, angeuona siku hiyo. "Na chai?" akauliza polepole.

"Chai gani? Si amesema ni yake? Mnyime."

Jebet aliitwa akiwa na soksi mkononi. Alipewa ufunguo, usio ufunguo bali kadi, maana kazi ya mtu mmoja haikuhitaji wawili, na onyo refu: gari liende Najma moja kwa moja, lisimame mlangoni kwa Khala, lisisogee mpaka saa ya kurudi. Yeye, Nasser, ataona. Jebet akaitika kila neno. Ya mwisho wa mwezi hakuyataja, wala Nasser hakuyataja, na jambo ambalo hakuna anayelitaja ndilo linalolala nawe kitanda kimoja.

Gari likaenda Najma moja kwa moja. Likasimama mlangoni. Yumma akashuka, akalizunguka akilichungulia macho yake ya kamera, lile la mbele, yale ya pembeni, kama anayenunua mbuzi.

"Haya yote yanaona?"

"Yote, Yumma."

"Hissa ana turubai la kufunikia magodoro. Lete, kuna vumbi. Gari la watu lisichafuke." Jebet alipolifunika kuanzia pua mpaka mkia, bibi kizee akalipigapiga mgongoni. "Na yeye ajistiri. Sisi tumejistiri miaka yote."

Kisha akaushika mkono wa Jebet, wakaanza kutembea. Walipita duka la mshonaji, duka la simu, kinyozi, wakapumzika kwenye ngazi za watu, wakavuka barabara kubwa magari yakiwangoja, wakaingia Al Mansoura kwa miguu. Mmalabari alipowaona wakitokea bila gari wala honi, sinia likamponyoka.

"Ulinitoa sadaka, Yumma," akasema Jebet walipokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu nyumbani.

"Ndiyo. Lakini nilikufunga kamba ndefu, nikakuvuta." Akapuliza chai. "Fahali alikuwa na masikio, hana mdomo. Huyu mpya ni mdomo mtupu. Ningeachiwa Maurice, mdomo mwingine juu ya huo, ningekufa na kiu."

Fahali alichukuliwa wiki iliyofuata kwa gari la kukokota, bado anangoja spea yake. Yumma hakulia; aliomba tu wamng'olee kiti kile cha juu, na sasa kiko dirishani chumbani kwake, anatazama ua wa jirani. Onyango alipewa fulana mpya yenye herufi asizoweza kuzisoma. Anasema inabana kwapani, na kwamba kona ya mashine ya maji imeshaombwa na mgeni mwingine; Onyango hajui katoka nchi gani, ila anakuja na tabasamu.

Daktari alipima damu, akafurahi, akasifu kutembea. Nasser akafurahi zaidi. Hawakujua, wala Yumma hajui mpaka leo, kwamba Jebet alimnong'oneza Mmalabari apunguze sukari kidogo kila wiki. Bibi kizee anaonja, anakunja uso, anasema hata sukari nayo siku hizi lazima inatoka China.

Lakini Jebet hajatulia. Mwisho wa mwezi ulipita bila kutajwa, na ujao unakuja. Kila jioni, Yumma akiwa amembebea Bibi Hissa kikombe chake cha kumfunga mdomo, Jebet hulifunua gari kwa mikono yenye baridi. Macho yale hufunguka, kioo huwaka, sauti ya upole humwambia karibu tena, anaonekana amechoka. Ndipo hukumbuka kwamba baridi ya Doha ni ya kuazima. Joto likirudi, hakuna ajuza atakayevuka barabara ile kwa miguu.

"Yumma," akasema jana, "ikifika Mei tutafanyaje?"

Yumma alikuwa anajifunga mkanda, akiinamia pembeni ili gari lisimsikie.

"Endesha, binti. Mei ina uongo wake."